Waksi, seramiki au turubai: kempa niilinde vipi na jua la Dodoma?

Chamwino_Safari
Wakuu, habari za jioni. Nimenunua kempa, gari lenye nyumba ya kulala nyuma, kutoka Japani, tayari ipo hapa Dodoma. Mwezi ujao naanza kupeleka wageni Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani. Nataka kuilinda nje kabla jua halijaanza kuila. Nimetajiwa waksi, seramiki (ile dawa ya maji inayokauka na kuwa ngumu juu ya rangi), au niishonee turubai. Nichukue kipi?

Fundi_Rangi
Mkuu, bodi ni bati au faibaglasi? Inalala juani au bandani? Una bajeti gani? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Bibi_Mtera
Na maji ya kuoshea unatoa wapi? Kwa Dodoma hilo ndilo swali la kwanza.

Chamwino_Safari
Samahani wakuu. Ni Toyota Camroad, mbele bati, nyumba ya nyuma faibaglasi nyeupe. Inalala nje, Nzuguni. Naoshea maji ya kisima. Nina laki sita.

Fundi_Rangi
Basi sikiliza. Faibaglasi ina jelkoti, ule utando mgumu unaong'aa, juu yake, na jelkoti ikipigwa jua muda mrefu inageuka chaki. Kausha ubavu, pitisha kidole karibu na paa. Kikitoka cheupe, usipake kitu kwanza. Ipigwe kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, taratibu, ioshwe, ikauke, ndipo seramiki. Ukipaka juu ya chaki umeufungia uchafu ndani. Na ikishapakwa isiguswe na maji saa 24. Mimi nasimama na seramiki.

Mama_Kondoa
Laki sita kwa gari kubwa hivyo haitoshi seramiki ya maana, kaka. Mimi natumia waksi ya kopo na kitambaa cha maikrofaiba. Naanza alfajiri kabla bodi haijapata moto, napaka kipande kwa kipande. Baada ya miezi miwili narudia. Ila usioshee sabuni ya unga, inaondoa waksi yote.

Ihumwa77
Turubai lisahau kabisa. Nilikuwa na Coaster niliyoigeuza nyumba. Nikaishonea turubai zito la malori, nikafunga kamba kila kona, nikaenda kazini Singida kuanzia Julai hadi Septemba. Upepo wa miezi hiyo mnaujua. Niliporudi nikafungua kona ya nyuma kulia, vumbi jekundu likamwagika miguuni. Lilikuwa limeingia chini ya turubai, na turubai likageuka msasa. Kila upepo ulipolipiga, lilisugua. Kona zote nne zilikuwa zimefika kwenye praima ya kijivu, ile rangi ya chini. Ubavuni, pale ilipopita kamba, palikuwa na mstari wa upana wa vidole viwili, rangi imelika kabisa. Siku ile chakula hakikupita. Kupaka upya kulinigharimu mara kadhaa ya bei ya turubai lenyewe. Jenga banda la mabati, hata la nguzo za miti, lakini lisiguse gari.

Mama_Kondoa
Pole sana kaka. Yangu nayo nilikuwa nafikiria kuifunika.

Bibi_Mtera
Narudi kwenye maji. Visima vingi vya huku vina chumvi. Osha saa sita mchana, acha ikaukie juani, utabaki na madoa meupe ya duara hata kama umepaka seramiki. Mimi nakinga mvua kwenye simtanki, nasuuzia hayo mwishoni.

Fundi_Rangi
Madoa hayo siki iliyochanganywa na maji inayatoa, mama.

Bibi_Mtera
Inayatoa na waksi inaondoka nayo. Kausha na kitambaa papo hapo, hutahitaji siki.

Fundi_Rangi
Kwenye waksi sawa. Kwenye seramiki siki haina shida ukisuuza haraka.

Ihumwa77
Mvua yenyewe inakuja Desemba, mama. Hadi hapo atasuuzia nini?

Chamwino_Safari
Nimepitisha kidole. Upande wa mlango kimetoka cheupe kama nimeshika chaki ya shule, upande wa pili ni safi. Nilipopanda paani nimekuta silikoni kuzunguka dirisha la juu imepasuka, kidole kinaingia.

Fundi_Rangi
Acha habari za kung'arisha. Hiyo ya paani kwanza. Kwangua silikoni yote ya zamani, usipake mpya juu yake. Bodi ya ndani imelowa? Bonyeza dari hapo chini ya dirisha.

Mama_Kondoa
Na tuwekee picha ya huo upande wa mlango.

Chamwino_Safari
Dari inabonyea kidogo. Picha kesho, hapa umeme umekatika.