Nilimpa fundi picha ya bibi aisafishe, akanirudishia mwanamke nisiyemjua

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha ikichemka mnivumilie.

Picha ya bibi mzaa mama tunayo moja tu. Nyeusi na nyeupe, sentimita 6 kwa 9, imekaa kwenye fremu miaka mingi hadi ikagandana na kioo. Ina mpasuko unaokatiza shingoni, kona ya chini imeliwa na unyevu, na shavuni kuna doa la ukungu. Lakini uso unaonekana. Mwanya wa meno ya juu unaonekana, kovu dogo juu ya nyusi linaonekana, na jicho la kulia limefinya kidogo kuliko la pili. Mama ana mwanya huohuo. Na mimi ninao.

Nikampelekea fundi aliyesifiwa na watu kwamba anafufua picha zilizokufa. Nikamwambia: toa mpasuko, toa doa, uso usiuguse. Akasema nisiwe na shaka.

Baada ya siku mbili kazi ikaja. Nikampa mama simu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaniuliza, "Huyu nani?"

Mwanya umezibwa, wakuu. Kovu limefutwa. Macho yamelinganishwa kana kwamba yalipimwa kwa rula, na ngozi imekuwa laini kama ya mwanasesere, imepauka, haina hata kunyanzi moja. Juu ya hayo gauni limepakwa bluu. Bluu kaitoa wapi? Picha ya nyeusi na nyeupe inabeba mwanga tu, rangi haimo. Gauni jekundu na gauni la kijani yanaweza kutoka kijivu kilekile.

Nilipombana akakiri: aliiingiza kwenye programu ya akili mnemba, akabonyeza kitufe. Zile siku mbili sijui alikuwa anafufua nini.

Kwa wanaotaka kumtetea (maana najua mpo), naomba tuelewane jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Hazirudishi kilichopotea. Zimefundishwa kwa nyuso chungu nzima za watu wengine, na zikikuta uso hafifu zinachora uso unaoelekea kufaa pale. Mkusanyiko mmoja unaotumika sana kuzifundisha unaitwa FFHQ: picha 70,000 za nyuso zilizochukuliwa Flickr, mtandao ambao watu huweka picha zao. Bibi yangu hakuwahi kuwa na akaunti Flickr. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa programu iitwayo PULSE, ya kukisia uso unaoonekana wazi kutoka picha yenye pikseli chache (vile vidoti vinavyounda picha). Watu wakaipa picha ya Obama iliyofifishwa. Ikatoa mzungu. Sasa kama uso wa Obama, unaojulikana dunia nzima, unaweza kupotezwa hivyo, bibi ambaye ana picha moja tu ana mtetezi gani?

Na mama ndiye mtu wa mwisho aliye hai anayeweza kusema "siye". Wajukuu zangu wangeletewa ile sura wangeamini ndiye.

Sikatai kompyuta. Mpasuko wa shingoni unazibwa vizuri tu kwa mkono ndani ya Photoshop, unanakili vipande vya pembeni kidogo kidogo mpaka ufa unapotea. Ukuta wa nyuma hata ukikisia sikudai, ukuta ni ukuta. Ila uso, kama kipande hakipo na huna picha nyingine ya mtu huyohuyo ya kulinganisha, acha pengo lilivyo au mwulize mwenye picha. Mimi nilikuwa napatikana kwenye simu muda wote!

Faili lenyewe ni kichekesho. Picha ya saizi ile ukiiskani kwa doti 600 kwa inchi, ambacho ni kiwango cha kawaida tu, unapata kama pikseli 1,417 kwa 2,126. Mimi nimetumiwa pikseli 640 upande mrefu, JPEG, kwa WhatsApp, imeminywa mpaka kwenye nywele kuna vigaeigae. Na ule ukingo mweupe ambao babu aliandika jina la bibi kwa mkono wake, kaukata. Eti unaharibu mwonekano.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonifanya nishindwe kulala ni picha yenyewe ya asili. Nimeifuata, nikakuta ameibandua kwenye kioo. Kwa nguvu! Picha hizi za zamani juu zina tabaka la gelatini, likipata unyevu linavimba na kunata, na likikaukia kwenye kioo linakuwa kama limegundishwa. Ukivuta, karatasi inakuja na sura inabaki kwenye kioo. Mtu anayeijua kazi anaipiga picha au kuiskani hapohapo ilipo, kioo na vyote, taa akiziweka ubavuni zisiakisi. Huyu bwana kavuta. Bega la kushoto na sikio viko kwenye kioo, vimechanika vipande vidogo vidogo kama magamba, na kioo nacho alikuwa ameshakiweka pembeni akitupe.

Nimekichukua. Nimekifunika kwa karatasi safi, sijakigusa. Kama kuna mdau amewahi kuokoa kitu cha namna hii naomba anielekeze, ila wa kuniambia nijaribu programu nyingine apite tu.

Jana nikajishusha, nikamwandikia kwa upole: naomba basi ile skani ya kwanza, ya kabla hujaigusa, hata kama ni mbaya, tutafute mtu aanze upya. Akajibu leo asubuhi. Aliifuta kupata nafasi kwenye simu.