Alikataa yuro 6,000 mkononi akaondoka na yuro 10. Nyie mngefanyaje?

Mkulima_wa_Songea:
Wakuu habari za jioni. Kuna kisa cha ile shoo ya masanduku ya Uholanzi (Deal or No Deal), kinanisumbua kichwa tangu juzi. Kwa asiyeijua, masanduku yako 26, kila moja lina kiasi chake na kubwa kuliko yote lilikuwa na yuro milioni 5. Unachagua moja linakuwa lako ila hulifungui, halafu unaanza kufungua yale mengine, kila hela inayotoka unajua hiyo basi tena haipo kwenye sanduku lako. Kila raundi ikiisha benki inapiga simu inakupa ofa, uza sanduku lako uondoke au endelea.

Sasa kuna jamaa alibakiwa na masanduku matano: senti 50, yuro 10, yuro 20, yuro 10,000 na yuro 500,000. Benki ikampa 75,000. Kakataa. Kafungua moja, ikatoka ile 500,000! Ofa ikaporomoka mpaka 2,400, kakataa. Ikaja 3,500, kakataa. Mwisho yakabaki mawili, moja la yuro 10 na moja la 10,000, benki ikamwambia chukua 6,000, akakataa tena. Sanduku lake lilikuwa na yuro 10.

Yaani ukijumlisha yale mawili ukagawa kwa mbili unapata 5,005, benki inakupa zaidi ya hapo na bado unasema hapana. Hii ni tamaa au kuna kitu sikioni? Na nyie mngeshukia wapi?

Hesabu_Tupu:
Mkuu tuanze na ile 75,000 maana wengi wanamlaumu pale na mimi simlaumu sana. Wastani wa yale matano ulikuwa kama 102,000 kwa hiyo benki ilikuwa inamlalia, na alitakiwa afungue moja tu, nafasi ya kuitoa ile 500,000 ni moja kwa tano, zikitoka zile ndogo ofa inapanda. Mtu mwenye hela zake benki angeendelea kabisa.

Ila huo wastani nao unadanganya. Hakuna sanduku lenye 102,000 pale, kuna moja limejaa na manne ukilinganisha na hilo ni chenji. Hata ile ya Marekani iliyoanza 2005, masanduku 26 kuanzia senti moja hadi dola milioni moja, wastani wa kuanzia ni dola 131,477 lakini nusu nzima ya masanduku, 13, yana dola 750 kushuka chini. Mtu anaingia na laki na thelathini kichwani wakati nafasi ya kubeba dola mia saba na kitu au pungufu ni fifti fifti.

Ile 6,000 ya mwisho sasa, hapo sina cha kumtetea.

MamaNailati:
Hesabu_Tupu mimi nina cha kumtetea, maana yameshanikuta. Mwaka juzi nilikuwa na mkeka wa kubeti wa mechi tisa, nane zimeingia, imebaki moja ya usiku, simu inaniambia nikikashi auti sasa hivi napata laki tatu na arobaini, nikisubiri ni laki sita. Nimekaa jikoni na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nusu saa nzima sijagusa. Wakafungwa goli, ofa ikashuka mpaka elfu tisini. Elfu tisini jamani! Asubuhi yake ningeiokota njiani ningeruka kwa furaha, ila usiku ule niliiona kama tusi, kwa sababu moyoni laki tatu na arobaini ilishakuwa yangu, nimeshailipia na ada ya mtoto. Sikuigusa, mkeka ukachanika.

Huyo kaka hakuwa anaiona 6,000, alikuwa anaiona ile 75,000 aliyoiacha, na 6,000 haimrudishi huko. 10,000 nayo haimrudishi ila angalau ni kubwa zaidi anayoweza kuigusa.

Na hili wasomi waliliandika, Thaler (yule aliyepata Nobel ya uchumi 2017) na wenzake watatu, Post, van den Assem na Baltussen, mwaka 2008, walichukua washiriki 151 wa shoo hii wa Uholanzi, Ujerumani na Marekani. Walichoona ni kwamba mtu akitoka kupoteza kikubwa anakuwa haogopi. Na aliyepata zaidi ya alivyotegemea naye vilevile haogopi! Kuna mama wa Ujerumani alibakiwa na la 100,000 na la 150,000, benki ikampa 125,000 sawa na wastani, akakataa akaondoka na 150,000. Yeye chini kabisa alikuwa na laki moja tayari, atetemeke kwa nini.

Dogo_Mbagala:
Nawaelewa ila mnasahau mtu ana hali gani nyumbani. Chukua ile shoo ya maswali ya Uingereza, Who Wants to Be a Millionaire, ilivyokuwa miaka yake ya mwanzo: umefika pauni 500,000, swali la mwisho ni la milioni, ukikosa ulikuwa unarudi 32,000. Kwa hesabu tupu ukiwa na uhakika wa kama asilimia 48 na nusu inatosha kujaribu. Nani hapa anapanga chumba kimoja atajaribu na uhakika wa nusu? Laki tano ya kwanza inakutoa kwenye kupanga, inasomesha watoto, inamtibu mzazi. Ya pili inakuongezea tu. Hazilingani uzito hata kama namba ni ileile.

Halafu ukumbi mzima unakupigia kelele uendelee, wao bili hawalipi.

Mkulima wewe kwa nini unauliza lakini? Naona kama kuna jambo.

Mkulima_wa_Songea:
Dogo umenishika. Nina gunia 30 za mahindi ndani. Dalali alikuja mwezi uliopita na 85,000 kwa gunia, nikamwambia asubiri, nilijua itafika laki. Juzi karudi na 62,000 nikamfukuza kwa hasira kabisa, na usiku ndio nikakutana na hicho kisa cha Mholanzi.

Nilivyosoma ya MamaNailati nimetoka nikaenda ghalani na tochi, nimechota kiganja kimoja tu, dumuzi wameshaanza, unga unga chini ya magunia ya pembeni. Wale hawajui bei ya mwezi uliopita. Na Januari kuna ada ya watoto wawili ambayo haisubiri laki.

MamaNailati:
Kaka usiuze yote kwa hasira pia. Ada ni shilingi ngapi? Toa gunia za kutosha ada na mbolea, zinazobaki zitie dawa, hizo ndio ucheze nazo.

Mkulima_wa_Songea:
Nimepiga hesabu, ni gunia 20, kumi zinabaki. Nimempigia dalali, amesema atakuja kesho saa mbili asubuhi, na kashusha mpaka 60,000. Nimekubali.