Naomba ushauri: chama cha mwavuli nikieleze vipi kwa vijana?

Ndugu zangu, hamjambo? Nasimamia mdahalo wa vijana hapa Kondele, Kisumu. Hoja ya Jumamosi ni hii: chama cha mwavuli, yaani kinachokusanya makundi mengi chini ya jina moja, hujenga au hubomoa? Nimekwama.

Nataka kuanza na FORD ya 1991, vuguvugu la upinzani hapa Kenya. Jaramogi Oginga Odinga wa huku kwetu, Masinde Muliro na Martin Shikuku wa Magharibi, baadaye Kenneth Matiba wa Murang'a, lengo likiwa kuvunja utawala wa chama kimoja. Desemba hiyo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu KANU pekee, kikafutwa. Halafu? Uchaguzi wa 1992 ulikuta FORD imegawanyika, FORD-Kenya na FORD-Asili zikipigana, Rais Moi wa KANU akapita na takriban asilimia 36 ya kura. Baba yangu hukunja uso mpaka leo.

NARC, muungano wa vyama vya upinzani, nayo ilishinda 2002, kura ya maoni ya katiba ya 2005 ikaipasua.

Mimi naona mwavuli hufaa kuangusha, si kutawala. Ila kijana mmoja kanitupia KANU: ilimeza chama pinzani cha KADU 1964 na ikatawala hadi 2002. Nimjibu nini? Na nifanyeje mjadala usigeuke wa kabila? Mara ya mwisho nusura viti viruke.