Kutembea kwa miguu kuelekea mpaka wa Ruvuma: tuanzie Mikindani au Lindi?

Kijana wa Chikongola:
Wakuu habari za humu. Mimi na wenzangu tunataka kutembea kwa miguu, safari ndefu ya kulala njiani, njia yenye historia ya mpaka wetu na Msumbiji. Nina njia mbili. Ya kwanza Mikindani, Nanyamba, Tandahimba hadi Newala tuuone mto Ruvuma kutokea juu pale Shimo la Mungu. Ya pili Lindi mjini, Mtama, Nyangao, Mahiwa, Ndanda hadi Masasi. Mahema tunalipia wiki hii, ipi bora?

Mama Korosho:
Mdogo wangu mbona husemi mwezi gani? Mko wangapi, wadada wamo? Mizigo mnabeba wenyewe au boda? Bila hayo utashauriwaje?

Mzee wa Boma:
Mikindani, wala usihangaike. Livingstone alishuka pale Machi 1866 na ngamia, nyati wa kufugwa na punda, akaajiri Wamakonde wamfyekee njia maana vichaka vilikuwa vimeshonana ngamia hapiti. Na boma la Mjerumani la 1895 lipo, mnaanzia hapo mmeshiba historia.

Mmwera Halisi:
Kila siku Livingstone. Misafara ya pembe na watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa inashuka pwani hii kabla yake, na waliobebeshwa hiyo mizigo ni babu zetu, hao nani anawafuata? Nenda Lindi. Mahiwa Oktoba 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia, Mwingereza na Mjerumani walipigana siku nne, na wengi waliokufa ni Waafrika wa pande zote mbili mpaka Wanigeria walikuwepo, mwezi uliofuata kamanda wa Mjerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji kwa Mreno. Ukifika Masasi kuna misheni ya 1876 iliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza pamoja na watu waliokombolewa utumwani.

Bi Salha Newala:
Historia wote mnaijua ila maji hamjayataja. Kule juu uwandani kwetu ni mchanga, mvua yote inanyonywa, chemchemi ziko chini mabondeni. Mwaka fulani tulitembea kikundi kutoka upande wa Tandahimba, kiongozi tuliyempa hela akatuapia kijiji cha mbele kuna bomba, tumefika bomba limekauka, mama mmoja pale anasema lina wiki halijatoa, jua la saa nane, mwenzetu mmoja ameanza kutapika na kiongozi mwenyewe simu hapokei. Ikabidi kijana atumwe na baiskeli, alirudi jioni na dumu la njano linanuka petroli, tukalipa bei ya soda na tukayanywa hivyohivyo huku tumeziba pua. Yule mgonjwa tulimpakia boda usiku. Mpaka leo mtu akiniambia "mbele kuna maji" namuuliza umeyaona lini kwa macho yako.

Kijana wa Chikongola:
Pole sana dada. Ni Agosti, tuko wanne, wawili wa kike, tunabeba wenyewe. Na tulitaka tukifika Newala tushuke mpaka mtoni kabisa.

Mama Korosho:
Hilo la mtoni ndo ungeanza nalo! Kule bondeni Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji wakavamia kijiji cha Kitaya. Msishuke bila barua ya wilaya, mtendaji wa kijiji awajue na mwenyeji atembee na nyie. Halafu mto una mamba na viboko, kuoga sahauni. Na Agosti watu wanapuliza dawa ya unga ya salfa kwenye mikorosho alfajiri, macho yanawasha, bebeni vitambaa.

Mmwera Halisi:
Ndo maana nasema Lindi, Ndanda maji yapo na hospitali ya misheni ipo.

Mzee wa Boma:
Lakini barabara ya Lindi Masasi ni lami, malori yanakupita sikioni. Bora njia za mashambani. Au ashuke Msimbati, akaione ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma ile ardhi ya Kionga tuliyonyang'anywa.

Mmwera Halisi:
Tuliyonyang'anywa na nani mzee? Mjerumani ndiye aliichukua kwa Mreno 1894, Mreno akaichukua tena 1916.

Mzee wa Boma:
Wamakonde wapo pande zote mbili, wala hawakuulizwa na Mjerumani wala na Mreno. Bibi yangu kazaliwa ng'ambo, kaolewa huku, mimi siwezi kukubali kwamba ule mto unatutenga.