Nguruwe wanakula chambo usiku, tukikaa kuwaotea hawaji

KondeLaMuyuni

Assalaam aleykum wakubwa. Konde letu liko maweni huku Muyuni, kusini mwa Unguja, baina ya kijiji na pori. Tumepanda muhogo, viazi vitamu na mahindi kidogo. Nguruwe wanaingia kila usiku na kufukua muhogo ambao bado ni mchanga. Ukuta wa mawe upo, lakini wanauangusha pale ulipokuwa mfupi. Wasasi (wawindaji) wenye mbwa wamepita na kuua nguruwe, lakini hazipiti wiki nyingi hali inarudi ile ile.

Sasa kuna ndugu yetu ana bunduki ya marisau, namba 12, ina leseni, na tumekubaliana kuwaotea, yaani kuwavizia, kwenye chambo. Tunaweka maganda ya muhogo na maembe yaliyooza. Usiku ambao hakuna mtu, wanakula mpaka ardhi inabaki tupu. Akikaa mtu juu ya mti, hawaji, au wanasikika wakiguna kwa mbali kisha kimya. Tunatumia tochi ya kichwani, na upande wa kukaa ni ule wenye mti. Tunaomba maelezo kamili: chambo gani na kiasi gani, taa ya aina gani, tukae wapi, na wanajuaje kwamba tupo?

MsasiWaKusini

Waaleykum salaam. Anza na hilo swali la mwisho, kwani majibu mengine yote yanatoka hapo. Nguruwe mwitu macho yake si makali, lakini pua yake na masikio yake hayana mfano. Siku za kulisha anakuja mtu mmoja mchana, anamwaga chakula, anaondoka. Siku ya kuotea wanakuja watatu magharibi, wanapanda mti, wananong'ona, tochi inawaka na kuzimika. Kwa nguruwe huo ni usiku mwengine kabisa. Dawa yake ni kufanya kila usiku wa kulisha ufanane na usiku wa kupiga: saa ile ile, njia ile ile, mtu yule yule, taa ile ile.

Chambo: acha maembe. Yanaliwa na kila mnyama, kima, komba, panya, na paa pia. Tumia mahindi yaliyochachuka. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, tia mahindi makavu kilo 6, usizidishe kwa sababu yatavimba. Sukari nusu kilo, hamira kijiko kimoja cha chai, maji yapite juu ya mahindi kwa upana wa vidole vinne. Weka mfuniko bila kuukaza, ukiubana hewa itaurusha. Iache juani siku nne au tano, na kila siku angalia maji, kwani mahindi yanayokauka juu huota ukungu. Ikiwa tayari utaisikia kabla hujafika: uchachu mkali unaochoma pua.

Kundi la nguruwe watano au sita, kilo 3 kwa usiku zinatosha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanamwaga polo (gunia) zima wakidhani wanawavuta zaidi. Nguruwe akijua chakula kitakuwepo mpaka alfajiri, atakuja alfajiri. Kikiwa kidogo na kinaisha, atawahi ili asikikose. Asubuhi ukikuta kimebaki, punguza. Ukikuta mawe yamerambwa, ongeza kidogo tu, na usiruke hata usiku mmoja.

Usimwage juu ya ardhi. Huko maweni hakuna pa kuchimba, kwa hiyo tafuta vishimo vya asili kwenye jiwe, vitatu au vinne, vyenye kina cha kiganja mpaka kiwiko, vikae ndani ya hatua tano. Tia mahindi, juu yake udongo kidogo, kisha funika kwa jiwe zito ambalo mtu mzima analiinua kwa mikono miwili. Nguruwe atalisukuma kwa pua bila shida. Kuku, kunguru na paa hawawezi. Faida ya pili ni kwamba anayefukua anainamisha kichwa, anafanya kelele mwenyewe, na anakaa mahali pamoja.

Kujua saa wanayofika huhitaji kamera. Nunua saa ya ukutani ya bei rahisi, itie kwenye mfuko wa plastiki, itundike mtini. Funga uzi kwenye betri yake na ncha ya pili kwenye jiwe la kufunikia. Jiwe likisukumwa betri inachomoka, na saa inasimama kwenye dakika hiyo hiyo. Zikilingana siku nne tano mfululizo, mathalan baina ya saa mbili na saa tatu usiku, hapo ndipo kuna maana ya kukaa. Zikirukaruka, bado hawajaamini mahali hapo.

DunguJuu

Naongezea taa na dungu, yaani jukwaa la juu la kukalia.

Tochi ya kichwani iache nyumbani. Kila ukigeuza shingo mwanga unaruka porini. Tundika taa ndogo ya sola juu ya chambo, kimo cha mita 3, ielekee chini, na iwake kila usiku kuanzia siku ya kwanza ya kulisha. Ifunike kwa plastiki nyekundu, maana macho ya nguruwe hayashtuki sana na wekundu. Mwanga uwe hafifu, wa kutosha tu kumtofautisha mkubwa na mtoto. Ukilazimika kutumia tochi nyekundu ya kwenye bunduki, iwashe ikiwa imeelekea juu kwenye majani kisha iteremshe polepole. Na ijaribu swichi yake nyumbani. Zile zinazolia "tik" zinasikika mbali kuliko unavyodhani, hasa upepo ukilala.

Dungu lijengwe siku unayoanza kulisha, si siku ya kuotea. Kimo mita 3 hadi 4, hatua 25 kutoka kwenye chambo. Funga viungo kwa kamba, usipige misumari, kwani msumari ukilegea unapiga mlio kila mtu anapohama uzito. Juu ya mbao tandika jamvi au gunia. Mbele weka kizuizi cha makuti mpaka kifuani kwa aliyekaa, na sehemu ya kuegemeza bunduki iwe imeviringishwa kitambaa, chuma kisigonge mti.

Mtu wa kukaa: mmoja, au wawili wasioongea. Nguo zimefuliwa kwa maji matupu na kuanikwa nje, zisifukizwe udi. Hakuna mafuta mazuri, sigara, wala dawa ya mbu, iwe ya kupaka au ya kuwasha. Mbu wazuie kwa nguo ndefu na kitambaa cha kichwa. Panda kabla ya magharibi, swali huko huko juu ukiweza, na usishuke mpaka saa yao imepita na pori limetulia. Ukishuka wakati wako karibu, umewafundisha dungu ni nini.

UpepoWaKizimkazi

Mmezungumza yote isipokuwa lile linalowafukuza zaidi. "Upande wa kukaa ni ule wenye mti." Hapo ndipo penye tatizo. Upande wa kukaa unachaguliwa na upepo, mti utafuata.

Kusi linatoka kusini mashariki, kwa hiyo dungu liwe kaskazini magharibi ya chambo. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, dungu liwe kusini magharibi. Hiyo ni hesabu ya mchana. Usiku kusi au kaskazi ikilegea, unaingia umande, unatoka nchi kavu kwenda baharini. Muyuni bahari iko upande wa machweo na pori lenu liko ndani, kwa hiyo kukaa upande wa machweo ya chambo kunafaa misimu yote miwili, ukisogea kidogo kusini au kaskazini kufuata majira. Nguruwe watatoka porini na upepo utatoka kwao kuja kwenu. Wakati mbaya ni ule wa kubadilika, mara nyingi baada ya magharibi, upepo unapokufa na harufu inazunguka chini. Beba jivu kavu kwenye kichupa chenye tundu dogo. Libinye kila baada ya robo saa na utazame linakokwenda. Likirudi kwenye chambo, usiku huo umekwisha, na ni heri uondoke mapema kabla hawajafika.

Kuna dume mkubwa ambaye hatokei na kundi. Yeye huzunguka mpaka afike chini ya upepo, anuse kwanza, ndipo aingie. Ndio mnasikia mguno kisha kimya: amekukuteni kwa pua. Kwa hiyo nyuma ya dungu pawe mahali asipopenda kupita, kama uwanja mweupe, barabara, au ule ukuta wenu wa mawe. Mkiwa mmeegemea kichaka, atapita mgongoni kwenu.

KondeLaMuyuni

Allah awalipeni kheri. Maswali mawili zaidi. Mwezi unadhuru? Na kuna jirani anasema tusijisumbue, tutie sumu kwenye chambo au tutege nyaya.

MsasiWaKusini

Mbalamwezi unawachelewesha, hasa mahali peupe. Kama saa yao ni ya mapema usiku, kaa kuanzia siku ya 18 ya mwezi mwandamo mpaka mwandamo mwengine, kwa sababu siku hizo mwezi unachelewa kutoka na mwanzo wa usiku ni giza. Siku mbili tatu baada ya mwandamo nazo ni nzuri. Kulisha kuendelee mwezi mzima bila kujali.

Sumu na nyaya, hapana. Sumu haichagui. Itaua mbwa wa wasasi, kuku wa jirani, ngawa, na anayeokota mzoga. Na mawe yetu yana nyufa, mvua moja tu inaipeleka kwenye maji ya pangoni mnayochota. Waya nao hushika mguu wowote unaopita. Misitu ya Muyuni ina paa nunga, mnyama ambaye duniani amebaki sehemu chache mno, na kisiwa hiki ni mojawapo. Kumpoteza yeye kwa ajili ya muhogo ni dhulma.

ShehiaYetu

Kabla ya risasi, karatasi. Uwindaji hapa Zanzibar uko chini ya Sheria nambari 10 ya mwaka 1996 ya misitu, na kibali ni cha watu wa Misitu. Leseni ya bunduki pekee haitoshi. Kibali kitaje wazi usiku, taa na eneo. Msichukulie kwamba ruhusa ya kusaka mchana kwa mbwa inafunika na hili. Sheha ajue tarehe na mahali, na wenye makonde ya pembeni waambiwe mmoja mmoja, maana usiku kuna walinzi wa mazao, wakata kuni wanaochelewa, na wanaopita kwenda pwani. Ndani ya Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka msifikirie kabisa.

Jambo jengine ni jiwe. Marisau yakipiga jiwe la matumbawe yanaruka upande usioujua. Nyuma ya chambo jazeni udongo kwenye mapolo, mapana ya mita mbili na kimo cha kiuno, na myaweke tangu siku ya kwanza ili nguruwe wayazoee. Dungu likiwa juu risasi inateremka, lakini inateremka kwenye jiwe, kwa hiyo msijidanganye na urefu.

DunguJuu

Kuhusu kupiga. Tumieni marisau makubwa, SSG, si yale ya ndege. Kabla ya yote pigeni kadibodi kwa hatua 25 mhesabu matundu yaliyoingia kwenye duara la sahani ya chakula. Yakiwa machache, sogezeni dungu, msiongeze baruti.

Wa kwanza kutokea mara nyingi ni mdogo au jike linalopima. Mwache. Kundi likitulia na vichwa viko chini, subiri dakika tano au zaidi, chagua aliyesimama ubavu wazi na hakuna mwengine nyuma yake. Lenga theluthi ya chini ya mwili, sawa na mguu wa mbele. Singa za mgongoni zinamfanya aonekane mrefu kuliko alivyo, ndio maana wengi wanapiga juu na kumjeruhi. Aliyejeruhiwa usimfuate kichakani usiku. Subiri kuche, uende na watu na mbwa, kwani meno yake ya chini yanakata mapaja.

Jike au dume? Ukitaka wapungue, jike kubwa lisilo na watoto wadogo nyuma. Dume likifa, jengine linachukua nafasi.

MsasiWaKusini

Hapo sikubaliani kikamilifu. Dume mkubwa ndiye anayeangusha ukuta. Kama ukuta unashikilia konde lote, muondoe yeye kwanza, majike baadaye.

BiMkulima

Mzoga pia upangiwe kabla. Wengi wetu hatutaki kuugusa. Kamba ya mita 5 yenye kitanzi na glavu za mpira zinatosha kuuburuta. Aliyegusa akiwa na unyevu, kwa madhehebu ya Shafii anaosha mara saba, moja kwa udongo, basi wekeni ndoo ya maji na udongo safi pale pale. Msiutupe pangoni wala kwenye shimo la jiwe, kwa sababu ile ile ya maji. Tafuteni penye udongo, kina cha mita moja na nusu, mbali na kisima.

Wakitaka kuuchukua wasiokuwa Waislamu, wapike mpaka nyama iive ndani kabisa, inaweza kuwa na minyoo. Na mabaki yasifike kwa nguruwe wa kufugwa, kwani nguruwe mwitu anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuumwa, na wa kufugwa wakiipata wanakufa karibu wote.

Halafu zuieni watu kumiminika kutazama. Damu inafunikwa kwa udongo, lakini harufu ya watu ishirini waliokanyaga kila jiwe haifunikwi na kitu. Rudisheni mawe kwenye vishimo, taa iendelee kuwaka, mahindi yawekwe jioni inayofuata kama kawaida, na asikae mtu mpaka saa ya betri ianze kulingana tena. Wasiporudi kwa wiki mbili, hamisheni chambo mita 300 kufuata mapito yao, kiwe baina ya pori na konde, kisiwe karibu na muhogo wa jirani.