Kutafuta sarafu za zama za ukoloni kwa detekta, Moshi na Arusha: naomba mwongozo

Mjukuu wa Uru

Wakuu, habari za jioni. Mimi na rafiki yangu ni wakazi wa Moshi mjini. Tangu rafiki yangu aletewe detekta, mashine ya kutambua metali ardhini, na kaka yake aliyeko ng'ambo, tumekuwa tukipanda Uru siku za mapumziko na kupima ardhi ya kihamba (shamba la ukoo) cha babu yake, kwa ruhusa ya babu mwenyewe, na kila shimo tunalichimba na kulifukia. Tumepata senti kumi yenye tundu ya wakati wa Mfalme George wa Tano, maganda ya risasi yaliyoota ukijani, na sarafu ndogo ya shaba nyeusi ya mwaka 1912 yenye taji upande mmoja na neno HELLER, yaani senti ya Wajerumani, upande wa pili. Hatukusudii kuuza. Tunataka kuijua historia ya mahali petu kupitia vitu vilivyopita mikononi mwa watu wa hapo, na siku moja kuviweka mahali ambapo watoto wa shule wataviona.

Naomba kuelekezwa katika mambo haya. Je, sheria inaturuhusu kuendelea? Mashine nayo hulia karibu kila mahali, hasa penye udongo mwekundu, hata tusijue kipi ni kitu na kipi ni ardhi tu, tufanyeje? Babu ameshauri sarafu isuguliwe kwa ndimu na majivu ili maandishi yaonekane, lakini rafiki yangu anasita. Mwisho, mzee mmoja wa Kahe ametualika tukapime shambani kwake, akisema kuna sanduku la dhahabu lililofukiwa na Wajerumani walipokuwa wakikimbia vita, na kwamba alama yake imechorwa juu ya jiwe. Rafiki yangu anataka twende. Mimi nina mashaka, ila sina hoja ya kumpa.

Msomaji wa Kumbukumbu, Arusha

Ndugu, nimefurahi kuona mmeuliza kuhusu sheria kabla mambo hayajakua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakilinda moja kwa moja kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890, kwa hiyo heller yenu ya 1912 haiingii humo kwa umri wake pekee. Wengi wakifika hapo hujiona wako huru kabisa, na ndipo ninapowaomba msiharakishe. Uru ilikaliwa na watu muda mrefu kabla Mjerumani hajafika, na mashine haichagui miaka. Ikilia juu ya mkuki au jembe lililofuliwa na mhunzi wa zamani, tayari mmefika kwenye kitu kinacholindwa, na kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu vya namna hiyo kunahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale.

Kwa hiyo andikeni barua kwa Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, mkieleza eneo, ruhusa ya mwenye ardhi na nia yenu, kisha msubiri jibu kabla ya kupanua kazi. Mkiwa Arusha, fikeni pia makumbusho yaliyomo ndani ya Boma la zamani, jengo la ngome ya Wajerumani. Huko kijijini, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wajulishwe, hata kama babu amekwisha kubali. Mtu anayeonekana na detekta huhesabiwa kuwa anatafuta madini, na utafutaji wa madini una leseni zake chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Maelezo yaliyotangulia yanawaepusha na usumbufu mkubwa. Ndani ya hifadhi za taifa, iwe Kilimanjaro au Arusha, msiiwashe mashine hiyo kamwe.

Jambo ninalolijali kuliko yote ni daftari. Kabla sarafu haijaondolewa ardhini, pigeni picha ikiwa pale pale shimoni, pimeni kina kwa rula, chukueni alama ya mahali kwa simu, na andikeni kilichokuwa karibu yake: mkaa, vigae vya chungu, msingi wa nyumba. Heller moja haielezi mengi. Lakini heller kadhaa zikijitokeza pamoja kando ya njia ya zamani, huenda hapo palikuwa na gulio au palilipwa vibarua, na hilo halitajulikana tena ikiwa sarafu zote zimekwisha kuchanganywa kwenye kopo moja.

Fundi wa Sakina

Mdogo wangu, nijibu la mashine. Hiyo kelele inatoka kwenye ardhi yenyewe. Udongo wetu, kuanzia miteremko ya Kilimanjaro hadi ya Meru, umetokana na miamba ya volkano na una chembe nyingi za madini ya chuma. Detekta za kawaida hurusha mawimbi kutoka kwenye koili, ile duara ya chini inayopitishwa juu ya ardhi, kisha hupokea mwitikio wa umeme mdogo unaozalishwa ndani ya metali. Chembe hizo nazo huitikia, na mashine isiyosawazishwa huziita kitu. Tafuteni sehemu isiyo na metali, mwinue na kushusha koili polepole mkifanya marekebisho ya udongo mpaka mlio utulie, na mrudie kila mnapohama kutoka udongo mweusi kwenda mwekundu. Punguzeni pia nguvu ya mashine. Vijana wengi huipandisha hadi mwisho wakidhani watafika chini zaidi, kumbe wanaongeza kelele tu. Ikiwezekana, pateni koili ndogo, kwa sababu kihamba kimejaa misumari, vipande vya bati na vizibo vya soda, na koili kubwa huvisikia vyote kwa pamoja.

Sarafu iliyolala vizuri hutoa mlio mfupi, safi, unaojirudia hata mkipita juu yake kutoka upande mwingine. Chuma kilichoshika kutu hutoa mlio unaokatika. Mashine ya kawaida hufikia sarafu ndogo kwa kina cha shubiri moja hivi, si zaidi sana, na ardhi yenye unyevu baada ya mvua husaidia. Chimbeni kwa kisu cha bustani, mkikata kipande cha majani chenye umbo la kifuniko na kukiacha kimeshika upande mmoja. Udongo uwekwe juu ya kipande cha nailoni, kisha urudishwe wote. Msichimbe karibu na shina la kahawa, kwa kuwa mizizi yake inayolisha mti iko juu juu, na mzee akiona mti umenyauka hatawapa ruhusa tena.

Kuhusu ndimu na majivu, rafiki yako ana haki ya kusita. Ule ukijani na weusi uliokaa juu ya shaba kwa miaka mia moja ndio unaoilinda na ndio ulioshika maandishi. Tindikali ya ndimu huula, majivu hukwaruza, na kinachobaki ni sarafu inayong'aa isiyosomeka. Iloweshwe katika maji yaliyotoneshwa (distilled), yale ya kuongezea betri yasiyo na tindikali, ipanguswe kwa brashi laini kabisa, ikauke kivulini, kisha iwekwe peke yake ndani ya bahasha ya karatasi yenye namba inayolingana na daftari. Plastiki hufungia unyevu. Unga wa kijani hafifu ukianza kujitokeza na kumong'onyoka, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa shaba, yaani kutu inayoendelea kuila sarafu, na sarafu hiyo itengwe na nyingine.

Mkitaka kuzitambua haraka, pesa za shaba za Kampuni, zilizotolewa tangu 1890, zina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande mwingine, na 64 zilikuwa sawa na rupia moja. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia ikawa heller 100. Rupia yenyewe ni ya fedha na ina kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia yenye tai. Herufi A au J iliyo juu yake inaonyesha kuwa ilipigwa Berlin au Hamburg. Za Mwingereza zenye tundu zina pembe za ndovu, na shilingi ina simba mbele ya milima. Msishangae kupata heller nyingi na rupia chache. Rupia ndiyo iliyotakiwa kwa kodi ya nyumba, kodi iliyowasukuma watu kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mtu aliyeipata kwa jasho namna hiyo hakuiacha idondoke bila kuitafuta.

Mama wa Kibosho

Wanangu, wenzangu wamesema vizuri. Mimi nina neno juu ya mipaka ndani ya kihamba chenyewe, maana mashine haiwezi kuijua. Wazee wetu wanazikwa kihambani. Penye masale, ile mimea ya jadi ya Wachaga, yaliyopandwa kwa mpangilio, muulizeni babu kwanza kama ni mpaka au ni kaburi, na vyovyote atakavyojibu, hapo pasichimbwe. Kusogeza mpaka ni kuanzisha ugomvi wa ukoo. Kufukua kaburi ni jambo zito zaidi, na katika mlima huu lina uchungu wa pekee: Mangi (mtawala) Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na familia yake imehangaika miaka mingi kulitafuta fuvu lake Ujerumani. Mkikuta mfupa, simameni, fukieni, mwambieni mwenye ardhi na mtendaji siku hiyo hiyo.

Kuhusu Kahe, hoja ya kumpa mwenzako ipo. Sarafu ya dhahabu ya koloni hili ilikuwa moja tu, ile ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke baada ya meli za Waingereza kuzuia bidhaa na fedha kutoka Ulaya. Upigaji wake ulianza Aprili. Moshi ilikwisha kutwaliwa na jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts katikati ya Machi mwaka huo huo, na mapigano ya Kahe yalikuwa siku chache baadaye. Dhahabu hiyo haikuwepo bado Wajerumani walipoondoka huku. Hadithi za sanduku na alama za mawe huenda sambamba na zile za rupia ya kale inayodaiwa kuvuta mchele kama sumaku, na mwisho wake ni mtu kuombwa fedha za tambiko, za mtaalamu, au za kufungua njia.

Kilichopo Kahe kwa kweli ni masalia ya vita. Mkipata ganda tupu la risasi, liandikeni na mliache kwa mwenye shamba. Mkipata kitu kizito cha mviringo chenye ncha, au risasi ambayo bado ina kichwa, msikiguse wala msikigonge, hata kama kina kutu ya miaka mia. Wekeni alama kwa mbali na mpige simu polisi. Baruti haizeeki kwa namna ya kuaminika. Kwa sababu hiyo peke yake, mimi nisingewaruhusu watoto wangu waende huko na koleo.

Mjukuu wa Uru

Shikamoo mama, na ninawashukuru wote. Nimemsomea rafiki yangu habari ya Tabora na Machi 1916, akaiangalia tarehe mara mbili, na amekubali kuwa Kahe hatutakwenda. Mzee tutamjibu kwa heshima. Tumesimamisha uchimbaji Uru mpaka barua ya Idara ijibiwe. Wakati tunasubiri, babu amekubali kutembea nasi kihambani na kutuonyesha masale yapi ni ya mpaka na yapi ni ya wazee, ili tuyachore kwenye ramani, na amekumbuka kuwa njia ya kwenda gulio la zamani ilikatiza chini ya kihamba chake. Heller haijaguswa kwa ndimu. Fundi, chini ya mwaka 1912 naona herufi J. Nitaweka picha ya pande zote mbili kesho mchana penye mwanga wa kutosha.