Kompyuta inapiga skrini ya bluu, kila siku kosa jipya. Nifomati?

Bawaba: Wakuu, heshima kwenu. Naombeni msaada. Kompyuta yangu ya mezani (Windows 10, RAM, yaani kumbukumbu ya muda, vipande viwili vya GB 8 kila kimoja) inaanguka ghafla: skrini ya bluu, halafu inajiwasha upya. Juzi iliandika MEMORY_MANAGEMENT, jana IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, leo PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kivinjari nacho kinajifunga chenyewe na kuacha kosa 0xc0000005. Kwenye Event Viewer (daftari la matukio la Windows) zimejaa Kernel-Power 41, jamaa mmoja akaniambia pawa saplai imekwisha. Kazi zangu zote zimo humo.

Tindo: Fomati mkuu, yaishe. Windows ikikaa sana ndivyo inavyokuwa.

MzeeWaWaya: Asifomati! RAM ikiwa mbovu, hata Windows mpya inaweza kuingia ikiwa imeharibika, na atarudi hapa hapa kulia.

Bawaba, hiyo 41 isikutishe. Inasema tu kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika inaandikwa, skrini ya bluu ikipiga inaandikwa. Haitaji mchawi.

Mimi nimeshtushwa na kodi za makosa zinazobadilika. Draiva (programu inayoendesha kifaa) mbovu mara nyingi hung'ang'ania kodi moja na kutaja faili lilelile la .sys. Kwako ni mchanganyiko, na programu ya kawaida nayo inadondoka kwa 0xc0000005, yaani imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Naishuku RAM.

Okoa kazi zako kwanza kwenye diski ya nje, kisha ufungue baadhi ya mafaili uone kama yamenakilika salama, maana RAM mbovu huharibu hata nakala. Ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) uzime XMP, ile inayoikimbiza RAM, kama imewashwa. Halafu weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uwashe mashine kupitia hiyo flashi na uiache usiku kucha. Kosa hata moja tu, imefeli.

Zuhura_K: Na sfc /scannow?

MzeeWaWaya: Baadaye, dada. Kutengeneza mafaili ya mfumo juu ya RAM inayodanganya ni kupaka rangi ukuta unaovuja.

Zuhura_K: Sawa. Bawaba, zima pia kujiwasha upya: andika sysdm.cpl, Advanced, Startup and Recovery, toa tiki kwenye Automatically restart. Skrini itatulia uisome vizuri. Na usifute C:\Windows\Minidump (humo Windows huandika taarifa za kila kuanguka), RAM ikitoka safi tutaanzia humo.

Bawaba: Nimerudi. XMP haikuwa imewashwa. MemTest86 imemwaga makosa hata duru ya kwanza haijaisha. Nikapima kipande kimoja kimoja: cha kwanza safi, cha pili kinafeli.

MzeeWaWaya: Ulivipima kwenye tundu moja? Tundu nalo huwa na kesi.

Bawaba: Tundu lilelile. Nimekihamishia pia tundu la pili, bado kinafeli.

MzeeWaWaya: Basi hicho kitoe. Endelea na GB 8, zinatosha kwa sasa. Fungua CMD kama msimamizi, upige DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth itengeneze akiba ya mafaili ya Windows ambayo sfc huichota, kisha ndiyo sfc ya Zuhura. Ukinunua, chukua jozi iliyouzwa pamoja, aina ileile ya DDR ambayo bodi yako inakubali.

Tindo: Kwa hiyo hafomati?

MzeeWaWaya: sfc ikishindwa kutengeneza, tutakuita.